Bei ya Wino na Haki ya Mwenye Mashine

Mtu aingiaye katika duka la vifaa vya ofisi, liwe la Kariakoo mjini Dar es Salaam au la Luthuli mjini Nairobi, akauliza bei ya printa ndogo ya wino, kisha akauliza bei ya katriji zake mbili, ya wino mweusi na ya rangi, aghalabu hupata jawabu la kumshangaza: kwamba mashine nzima, yenye mota na gia na skana na nyaya zake, haizidi kwa mengi thamani ya vikasha viwili vya plastiki ambavyo wino wake wote haujazi kikombe cha kahawa. Jambo hili limezoeleka hata watu wengi hawalihoji tena. Lakini lina asili yake na sababu zake, na lina watu wanaofaidika nalo na wengine wanaoumia kwalo. Makala haya yanakusudia kulichungua kwa mapana: wino huu ni kitu gani na kwa nini umekuwa ghali, kujaza katriji upya ni kazi ya namna gani na ina hatari zipi, mahakama za mataifa zimelionaje shauri hili, na mnunuzi wa kwetu afuate njia ipi. Muradi wetu ni mmoja, nao utadhihiri katika kila sehemu: aliyelipa bei ya mashine amekwisha kuimiliki, na mwenye milki ndiye mwenye haki ya kuamua ni wino upi utakaotiwa ndani yake.

Yafaa tuanze na kitu chenyewe. Printa ya wino huandika kwa kurusha juu ya karatasi matone madogo mno, kila tone likipimwa kwa pikolita chache, ambazo ni sehemu za milioni ya milioni ya lita, kupitia matundu yaliyopangwa safu kwa safu katika kichwa chake, kila moja likiwa jembamba kuliko unywele. Njia za kulirusha tone hilo ni mbili. Ya kwanza ni ya joto: nyuma ya kila tundu pana kipande kidogo cha kupasha moto ambacho hupewa umeme kwa muda mfupi sana, wino ulio jirani yake ukachemka, povu likafura, na povu lile likalisukuma tone nje. Njia hii ilivumbuliwa katika maabara za Canon huko Japani mwaka 1977, pale chuma cha kulehemu chenye moto kilipogusa sindano iliyokuwa na wino na wino ukaruka. Na Hewlett-Packard (HP) ya Marekani, ikifanya uchunguzi wake kando, ikafikia hekima ileile muda mfupi baadaye, ikauza mwaka 1984 mashine iitwayo ThinkJet, ambayo kichwa chake na wino wake vilikuwa kitu kimoja cha kutumiwa na kutupwa. Njia ya pili, ambayo Epson ilijengea mashine zake tangu Stylus 800 ya mwaka 1993, haihitaji joto, bali huipa umeme fuwele iliyo nyuma ya wino, nayo fuwele ikajipinda na kuusukuma.

Tofauti ya njia hizi mbili yampasa kuijua hata asiyekuwa fundi, kwa kuwa ndiyo inayoamua gharama na hatari ya kujaza. Katika mashine nyingi ndogo za HP na Canon kichwa kimo ndani ya katriji yenyewe, kwa hiyo anayeitupa katriji iliyokwisha wino hutupa pamoja nayo chombo cha ufundi mkubwa ambacho bado kizima, na anayeijaza hukitumia chombo hicho kupita muda aliokikadiria mtengenezaji. Kikiharibika, hasara ni ya katriji moja. Katika mashine za Epson kichwa hukaa ndani ya printa aushi yake yote, kwa hiyo wino mbaya hauharibu katriji tu bali waweza kuiua mashine. Ama wino wenyewe, sehemu yake kubwa ni maji, yaliyochanganywa na rangi, na glikoli ya kuuzuia usikauke upesi, na dawa za kuufanya utiririke vyema na usiote kuvu. Weusi wake mara nyingi ni wa kaboni iliyosagwa ikawa laini mno, jamii moja na masizi ambayo waandishi wa kale waliyachanganya na gundi ya miti wakapata wino wa kalamu. Ni kweli kwamba kuusanifu wino upite katika matundu membamba namna ile bila kuyaziba kulihitaji maarifa na miaka mingi ya majaribio. Lakini mapishi yakishajulikana, viungo vyake si vya thamani ya kutisha, wala uchache wa viungo hauwezi kuwa sababu ya bei tunayoiona dukani.

Sababu ya hakika imo katika namna ya kufanya tijara. DeskJet ya kwanza ya HP, iliyotoka mwaka 1988, iliuzwa kwa karibu dola 1,000, bei ambayo ilimlipa mtengenezaji gharama yake na faida yake papo hapo. Kadiri watengenezaji walivyoongezeka na kushindania wateja, bei ya mashine ilishuka mpaka ikafikia gharama ya kuiunda, na pengine ikapita chini yake, na faida iliyotoweka katika mashine ikahamishiwa katika wino. Haya hayakufichwa. Katika mwaka wa fedha wa 2023 karibu thuluthi mbili ya mapato ya HP katika biashara yake ya uchapishaji yalitokana na vitu vya kujazia, yaani wino na tona, unga unaotumiwa na printa za leza. Na mkuu wake wa wakati huo, Enrique Lores, alieleza hadharani mwezi wa Januari 2024 kwamba kila printa inayouzwa ni rasilimali ambayo kampuni imeiweka kwa mteja, na kwamba mteja asiyechapisha vya kutosha, au asiyetumia wino wa kampuni, ni rasilimali iliyowekwa mahali pabaya. Kwa maneno mengine, bei tunayolipa kwa wino si bei ya wino: ni deni la mashine, tunalolilipa tone kwa tone bila kuoneshwa hati ya deni hilo.

Biashara ya namna hii si ngeni duniani. Kampuni ya Standard Oil ya Marekani, ilipotaka kuuza mafuta ya taa nchini China mwanzoni mwa karne ya 20, iliwauzia watu taa kwa bei ndogo ili wayatamani mafuta. Na aliyeinunua taa ile aliweza kuitia mafuta ya muuzaji yeyote, na Standard Oil ikalazimika kuwashawishi wateja wake kila siku kwa ubora na bei. Hapo ndipo taa na printa zinapoachana. Muuzaji kupunguza bei ya chombo akitumaini kupata faida katika kiini chake ni ikhtiari yake ya halali. Bali kukifunga chombo kilichokwisha kuuzwa kisikubali kiini cha mwingine ni jambo jingine kabisa, nalo ndilo linalostahili kuhojiwa.

Kufuli lenyewe ni chipu ndogo iliyobandikwa katika katriji. Kazi yake inayotajwa kwa wateja ni kuhesabu matone na kukadiria wino uliosalia. Lakini kwa chipu hiyohiyo mashine huitambua katriji ya kampuni na ile ya mgeni, na huitambua hata sehemu ya dunia ilikouzwa. Katriji za HP ambazo Marekani huitwa 63, Ulaya 302 na katika soko letu 123 zina umbile moja, ila mashine ya eneo moja haipokei ya eneo jingine. Na mfanyabiashara anayeletewa mzigo na ndugu yake kutoka Ulaya huyagundua haya wakati fedha zimekwisha kutoka. Mwezi wa Septemba 2016 printa nyingi za HP za jamii ya OfficeJet, zilizokuwa zikifanya kazi vizuri kwa katriji za watengenezaji wengine, zilianza kuzikataa kwa wakati mmoja, kwa kuwa programu iliyokwisha kutiwa ndani yake ilikuwa imepangiwa tarehe. Kampuni iliomba radhi kwa kutowaeleza wateja vya kutosha, ikatoa programu ya kuliondoa zuio, na baadaye ikakubali kulipa dola milioni 1.5 kumaliza kesi iliyofunguliwa Marekani. Na Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza faini ya euro milioni 10 kwa sababu wanunuzi hawakuarifiwa sawasawa kuhusu mipaka hiyo.

Ithibati kwamba chipu si sharti la uchapishaji ilitolewa na watengenezaji wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2022, uhaba wa vipuri vya elektroniki ulipoikumba dunia, Canon ililazimika kuuza baadhi ya katriji zake za tona bila chipu, na tawi lake la Ujerumani likawaelekeza wateja namna ya kulipita onyo ambalo mashine ingelitoa, likiwahakikishia kwamba ubora wa uchapishaji hautapungua, ila tu kipimo cha tona iliyosalia huenda kisionekane sawasawa. Mashine zilizokuwa zikitoa onyo la hatari kwa katriji za wageni zilitoa onyo lilelile kwa katriji za mwenyewe, na kurasa zikatoka safi.

Sasa tuipime gharama kwa hesabu, maana lawama bila hesabu haimfai mnunuzi. Katriji nyeusi ya HP 123 hukadiriwa kutoa kurasa 120, na ya rangi kurasa 100. Katriji nyeusi ya Canon PG-445 ina mililita 8 za wino na hukadiriwa kutoa kurasa 180. Makadirio haya hupatikana kwa kuchapisha mfululizo kurasa maalumu za majaribio, ambazo hazikujaa wino. Anayechapisha picha, au ripoti zenye vichwa vya habari vya rangi, atafikia mwisho mapema zaidi. Tena, mashine isiyotumika kila siku hujisafisha kwa kumwaga wino katika sifongo iliyo tumboni mwake, hata ikawa sehemu kubwa ya wino ulionunuliwa haifiki katika karatasi kamwe. Linganisha na chupa ya wino mweusi ambayo Canon hiyohiyo huuza kwa printa zake za tangi za jamii ya G: ina mililita 135, na hukadiriwa kutoa kurasa 6,000. Mwenye katriji za PG-445, akitaka kufikia kurasa hizo, atanunua katriji 34. Hapa hatulinganishi mtengenezaji mwema na mwovu, wala wino bora na hafifu, bali mtengenezaji mmoja na aina mbili za biashara.

Kwa hiyo haishangazi kwamba watu waliamua kujaza. Katika steshenari zilizopangana nje ya malango ya vyuo vyetu, na katika vibanda vya mafundi wa kompyuta, sindano na chupa za wino wa rangi nne ni zana za kila siku, na bila ya hizo mwanafunzi asingeweza kutoa kazi yake, wala mtafuta ajira asingeweza kuchapisha barua yake, kwa bei wanayoimudu. Kazi hii ina adabu zake, na kuharibika kwa katriji nyingi hakutokani na kosa la kujaza bali na kosa la kujaza vibaya.

Adabu ya kwanza ni kujaza mapema. Katika katriji za joto, wino unaopita ndio unaovipoza vile vipande vya kupasha moto. Anayeendelea kuchapisha baada ya herufi kuanza kufifia huviunguza, kisha husema kwamba ni wino wa kujaza ulioiua katriji yake. Adabu ya pili ni subira: ndani ya katriji mna sifongo inayoushikilia wino usidondoke, na sindano yapaswa kuingizwa taratibu na wino kusukumwa polepole, ili sifongo iloe bila kunasa hewa, na fundi akome mara wino unapochungulia tunduni, avute nyuma kidogo, asishindilie. Adabu ya tatu ni kutambua rangi. Katriji ya rangi ina vyumba vitatu, na mpangilio wake haufanani kwa kila rajamu. Fundi makini hutumbukiza kijiti safi katika kila tundu aone ni rangi ipi kabla ya kutia, kwa sababu manjano iliyokwisha kuingiliwa na samawati haitakati tena. Adabu ya nne ni pumzi: juu ya katriji mna vijia vya hewa, navyo vikizibwa kwa gundi wino hautashuka, na vikiachwa wazi kupita kiasi wino utavuja na kuichafua mashine. Mwisho, katriji hukandamizwa kidogo juu ya karatasi laini yenye unyevu mpaka ioneshe alama za rangi zote, kisha mashine husafishwa mara moja au mbili, si zaidi, maana kila usafishaji hula wino. Mashine itaendelea kusema kwamba katriji ni tupu. Na kwa nyingi ya zile ambazo katriji yake ina kichwa, mtu huweza kulikubali onyo hilo akaendelea na kazi.

Kubwa kupita yote hayo ni kuchagua wino unaostahiki. Uko wino ambao rangi yake imeyeyuka katika maji, na uko ambao rangi yake ni chembe ngumu zinazoelea. Wa kwanza hung'aa katika picha lakini huchujuka ukipata maji, wa pili hustahimili maji na mwanga. Kuchanganya aina hizi mbili kwaweza kuugandisha wino ndani ya kichwa. Na kutia wino wa kuyeyuka mahali pa wino mweusi wa chembe, hata kama utachapisha vizuri leo, ni kumdhulumu mtu ambaye hati yake itashikwa na mkono wenye jasho au kunyeshewa na mvua njiani. Vivyo hivyo wino uliotengenezwa kwa ajili ya njia ya joto si lazima uifae njia ya fuwele. Fundi anayetumia chupa moja kwa mashine zote hupata nafuu ya siku moja na hupoteza imani ya wateja.

Insafu yatutaka tuzisikilize pia hoja za watengenezaji. Husema kwamba wametumia fedha nyingi katika utafiti. Kwamba wino wa wageni hauna rangi ya kudumu. Kwamba vichwa huziba. Na kwamba wao ndio wanaolaumiwa mashine inapoharibika. Hoja hizi zina ukweli ndani yake. Picha ya harusi iliyochapishwa kwa wino hafifu hufifia ukutani kabla ya ile iliyochapishwa kwa wino wa asili, na mwenye maabara ya picha hana budi kuutumia wino bora. Lakini hoja ya ubora huthibitisha tu kwamba mteja ashauriwe, haithibitishi kwamba azuiwe. Kama wino wa kampuni ni bora, na uuzwe kwa ubora wake. Na kama mashine imeharibiwa na wino wa mgeni, mtengenezaji na akatae dhamana ya uharibifu ule kwa ushahidi. Kuharamisha kwa kufuli kile ambacho kingepaswa kushindwa kwa ubora ni kukiri kwamba mashindano ya haki yanaogopwa.

Mahakama za mataifa hazikuafikiana. Huko Japani, katika kesi ya Canon dhidi ya Recycle Assist, iliyohusu katriji za wino zilizokusanywa baada ya matumizi, zikasafishwa, zikajazwa na kuingizwa nchini, Mahakama ya Juu ilihukumu tarehe 8 Novemba 2007 kwamba kazi iliyofanywa juu ya katriji zile ilikuwa sawa na kukiunda upya kitu chenye hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ikampa Canon ushindi. Marekani, katika kesi ya Impression Products dhidi ya Lexmark, iliyohusu katriji za tona, Mahakama ya Juu ilihukumu tarehe 30 Mei 2017 kwamba mwenye hataza akishakiuza kitu, haki yake ya hataza juu ya kitu kile imekoma, awe amekiuza ndani ya nchi au nje, hata kama alimwekea mnunuzi sharti la kutokitumia tena. Hukumu hii ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na fahamu za watu wetu, ambao tangu zamani hujua kwamba kuuza ni kutoa milki, na kwamba aliyeuza shamba hana amri tena juu ya mbegu zitakazopandwa. Hata hivyo hukumu hiyo iliishia katika hataza, haikuligusa kufuli la chipu. Na kilichokomeshwa kwa hoja ya sheria kiliendelezwa kwa programu.

Kwetu Afrika Mashariki hatari nyingine ni kuchanganya mambo yasiyofanana. Katriji ya ghushi ni ile iliyotiwa jina na nembo ya kampuni ambayo haikuitengeneza, ikauzwa kwa bei ya asili. Huo ni wizi na ulaghai, na sheria zipo za kuupinga, mathalan Sheria ya Kudhibiti Bidhaa Bandia ya Kenya ya mwaka 2008 na Sheria ya Alama za Bidhaa ya Tanzania ya mwaka 1963. Katriji mbadala ni ile iliyotengenezwa na kampuni nyingine ikauzwa kwa jina lake yenyewe. Katriji iliyojazwa ni ya asili iliyotiwa wino mpya, na mteja anajua hivyo. Mbili za mwisho hazimdanganyi mtu, na askari au mkaguzi anayezikusanya pamoja na ghushi humwadhibu fundi mwaminifu kwa kosa la mwingine. Wajibu wa fundi, kwa upande wake, ni kutorudisha katriji iliyojazwa katika boksi la kampuni na kuiuza kama mpya.

Kisa kinachotoa somo kubwa kuliko yote kilitokea Indonesia. Huko mafundi hawakutosheka na sindano: waliweka chupa kubwa za wino kando ya printa, wakapitisha mirija myembamba mpaka ndani ya katriji, na mashine ikachapisha maelfu ya kurasa bila kununua katriji mpya. Epson iliona kwamba inauza mashine lakini wino unauzwa na wengine. Na badala ya kuongeza makufuli peke yake, mwaka 2010 ilianza kuuza hukohuko Indonesia printa za L100 na L200, zenye matangi yaliyounganishwa na kiwanda chenyewe, kwa bei ya juu ya mashine na bei ya chini ya wino. Canon ilifuata mwaka 2015 kwa jamii ya G, na HP mwaka 2016 kwa jamii ya GT. Wajazaji wa mitaani, waliokuwa wakiitwa waharibifu wa mashine, ndio walioonesha njia ambayo kampuni kubwa za dunia zilikuja kuifuata.

Hata hivyo tangi halikumaliza dhuluma yote. Kwanza, mashine yake ni ghali mwanzoni, na asiyeweza kutoa fedha hizo kwa mkupuo hubaki na printa ya bei ndogo na katriji za bei kubwa, hata ikawa mwalimu wa shule ndogo anayechapisha mitihani yake hulipa kwa kila ukurasa zaidi kuliko ofisi tajiri iliyo jirani yake. Hili ndilo linaloumiza zaidi katika jambo zima: kwamba unafuu wa mwanzo hutolewa kwa maskini, na gharama ya mwisho hudaiwa kwake yeye yule. Pili, hata mashine ya tangi huhesabu wino uliomwagwa katika sifongo yake ya uchafu, na hesabu ikitimia mashine nyingine husimama kabisa mpaka fundi aibadilishe sifongo na kuirudisha hesabu mwanzo, kazi ambayo mwenye mashine angestahili kuelezwa namna yake tangu siku ya kununua.

Basi mnunuzi na afanye nini? Asiulize kwanza bei ya printa, aulize bei ya wino wake na idadi ya kurasa unaotoa, agawanye, ndipo aitazame mashine. Anayechapisha kila siku, kama shule, steshenari au ofisi ya kijiji, na avumilie gharama ya mwanzo anunue ya tangi, hata kwa kuchanga au kwa mkopo wa ushirika. Anayechapisha mara chache, tena maandishi matupu, heri anunue ya leza, kwa sababu unga wa tona haukauki kichwani wakati wa kiangazi. Aliyekwisha kuwa na printa ya katriji, na aijaze katriji yake kwa fundi anayeujua wino anaoutia. Ofisi za umma nazo, zinapotangaza zabuni, zingepaswa kupima gharama ya kurasa zitakazochapishwa kwa miaka kadhaa, wala si bei ya mashine peke yake. Na watunga sheria wetu wawalazimishe wauzaji kuandika juu ya boksi, kwa Kiswahili kinachosomeka, ni kurasa ngapi katriji inatoa na kama mashine inakataa wino wa mwingine. Na wapige marufuku programu inayobadilisha, baada ya mauzo, masharti ambayo mnunuzi hakuyaridhia. Hatuwaombi watengenezaji wauze kwa hasara. Mashine na iuzwe kwa bei yake ya kweli na wino kwa bei yake ya kweli, ili kila mtu ajue anachonunua, na akishakinunua kiwe chake.